Mkungu Uliotokea Ubavuni

Kwa muda wa miaka ishirini na mmoja, Mwalimu Apolinary, katekista wa kigango chetu cha Kanoni, aliwafundisha watoto wa kipaimara kwamba Mkristo haogopi. Somo hilo lilichukua Jumamosi tatu mfululizo. Jumamosi ya kwanza aliorodhesha ubaoni aina saba za hofu, kuanzia hofu ya wafu hadi hofu ya wakubwa. Ya pili alizikanusha moja baada ya nyingine kwa maandiko. Ya tatu aliwahoji watoto mmoja mmoja: je, Mkristo huogopa? Jibu lilikuwa maneno mawili tu, na mtoto aliyelitamka kwa sauti ndogo aliambiwa alirudie mpaka lisikike barabarani. Aliyeshindwa alisubiri mwaka mwingine.

Hakuna aliyewahi kumuuliza Mwalimu mwenyewe swali hilo, na ni vyema hakuulizwa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo.

Kijito kilichopita kati ya nyumba yake na kanisa hakukivuka saa sita mchana, kwa sababu ilisemekana kwamba saa hiyo kuna mwanamke asiyejulikana anayeosha vyungu hapo. Yeye aliziita habari hizo porojo za wapagani. Hata hivyo alizunguka kilima kizima, mwendo wa nusu saa, na alipoulizwa alieleza kwamba kutembea husaidia mzunguko wa damu. Sindano hakukubali kuchomwa. Alisema vidonge vinatosha kwa mtu asiye na pupa ya kupona. Na mwaka 1978, vita ilipozuka upande wa Kyaka, alihubiri Jumapili kwamba mchungaji halikimbii kundi lake, na Jumatatu akaondoka kwenda kuwasalimu ndugu zake wa Ngara. Aliwasalimu kwa miezi sita.

Hofu, kwa hiyo, haikuwahi kuingia nyumbani mwake kwa jina lake. Iliingia kama busara, ikakaribishwa kama tahadhari, na ilipozoea ikaitwa heshima kwa wazee. Wazee hao waliwakilishwa na mama yake mzazi, Bibi Kokubanza, aliyekuwa na rozari mbili: moja ya kusalia, na nyingine ya kuning'iniza juu ya mlango kwa sababu ambazo hakuzieleza kwa Padre.

Mwishoni mwa Julai mwaka 1986, Eugenia, mkewe Mwalimu, mzaliwa wa Muleba na mwanamke asiye na maneno mengi, alikwenda nyuma ya jiko kukata majani ya kufunikia chungu cha ndizi. Hapo aliuona mgomba mmoja ambao mkungu wake haukutokea kileleni, mahali ambapo mikungu yote hutokea. Ulikuwa umepasua shina ubavuni, futi tatu na inchi nne kutoka ardhini, ukachungulia nje kama mtu anayetoka nyumbani kwake kwa kupitia dirishani.

Msomaji asiyekulia ndani ya kibanja cha migomba huenda asione jambo hapo. Wazee wetu waliliona. Kwao, mgomba wa namna hiyo umekuja kumwita mwenye nyumba. Anayeukata ndiye anayeitika wito, na asipopatikana wa kuukata, huendelea kumwita mwenye nyumba mpaka atoke. Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili tu, kufa kwa kuukata au kufa kwa kuuacha, isipokuwa apatikane mtu mwingine wa kuitika.

Eugenia aliuona mkungu, akaona pia kwamba chakula cha kesho hakijapatikana, akaingia ndani kuchukua kisu. Bibi Kokubanza alipiga yowe. Mwalimu alitoka mbio na kumnyang'anya mkewe kisu, akamshika mkono, akamwambia kwamba hatakubali kumpoteza. Yalikuwa mapenzi ya kweli. Eugenia aliyakumbuka baadaye, ingawa si kwa namna ambayo Mwalimu angependa.

Jumapili iliyofuata alikieleza kigango msimamo wake. Mgomba ule, alisema, ni kilema tu cha mmea. Jua lilikuwa kali, bungua wamekula shina, na mkungu ukapita palipo rahisi. Haujaamua uhai wa mtu yeyote. Na kwa kuwa haujaamua uhai wa mtu yeyote, hakuna haja ya kuukata. Atauacha pale pale, alisema, uwe ushuhuda kwamba nyumba yake haina ushirikina. Jumatatu aliuzungushia ushuhuda huo uzio wa miti na miiba, urefu wa kifua cha mtu mzima, ili kuku wasiusumbue.

Halmashauri ya kigango iliitishwa. Mwenyekiti wake alikuwa Anastazi, mwenye duka huko Omurushaka, mtu aliyejua kuzungumza kwa muda mrefu bila kutamka neno ambalo lingeweza kurudishwa kwake. Alieleza kwamba kuukata mgomba kwa haraka kutawafanya watu wadhani kwamba Wakristo wanauogopa. Mzee mwingine alisema kwamba kuuacha kwa muda mrefu kutawafanya watu wadhani hivyo hivyo. Hoja zote mbili zilisifiwa. Baada ya saa mbili iliamuliwa kwamba zifanyike sala za siku tisa, na kwamba sala hizo zifanyike kanisani, si kwenye eneo la tukio.

Padre alifika katika ziara yake ya kila miezi miwili, akaongozwa mpaka kwenye uzio. Aliutazama mkungu, akautazama uzio, akawatazama wazee. Akasema ndizi ni ndizi, waukate wale, kisha akawasha pikipiki yake, kwa kuwa alikuwa na vigango vingine vitatu kabla ya jioni. Katibu wa halmashauri aliandika katika muhtasari kwamba Padre alifika salama, akapata chakula cha mchana, akaondoka.

Watu wa kigango, kwa upande wao, walianza kumtendea Mwalimu kwa wema wa kutisha. Waliokuwa wakimwamkia huku wakipita, sasa walisimama, wakavua kofia, wakauliza alivyoamka, na wakasikiliza jibu mpaka mwisho. Kwaya, ambayo kwa mwaka mzima haikuwa imekubaliana juu ya siku ya mazoezi, ilikubaliana mara moja, na nyimbo ilizozichagua zote zilikuwa za maziko. Kiongozi wake alieleza kwamba ni vizuri kujiandaa mapema kwa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Ilikuwa Agosti, tarehe sita. Siku chache baadaye jirani mmoja alirudisha jembe aliloliazima mwaka 1981, na tendo hilo la haki lilimtisha Mwalimu kuliko mgomba wenyewe.

Akaacha kula. Alikaa mezani, akalivunjavunja donge la ndizi kwa vidole, akasukuma sahani. Ukanda wake uliongezwa tundu moja kwa msumari, kisha la pili. Suruali zake zilipunguzwa kiuno kwa inchi tatu na nusu, na mshonaji aliyezipunguza aliambiwa kwamba sababu yake ni joto. Eugenia alihesabu mambo haya kimya kimya na kuona kwamba mgomba ulikuwa unafanya kazi yake kweli kweli, bila kuhitaji msaada wa mizimu. Mume wake alikuwa anakufa kwa kuogopa kufa.

Mwishoni mwa Agosti Anastazi alileta ufumbuzi. Jina la ufumbuzi huo lilikuwa Mbonimpa.

Mbonimpa alikuwa kibarua aliyepalilia kahawa ya Mwalimu na ya nusu ya kijiji. Alitoka Burundi mwaka 1973 akiwa na mkewe na sufuria moja, akapewa mahali pa kujenga kibanda ukingoni mwa kibanja cha Mwalimu, na kwa miaka kumi na mitatu hakuwahi kuitwa kwenye kikao chochote. Siku hiyo alijadiliwa kwa saa nzima, ingawa hata siku hiyo hakuitwa.

"Mila hizi ni za sisi Wanyambo," alisema Anastazi. "Mgomba ukimwita mtu, humwita kwa lugha yetu. Mbonimpa ataitikaje wito asiousikia?"

Hoja hiyo ilipokelewa kama ufunuo. Mzee mmoja aliuliza itakuwaje ikiwa mgomba unajua pia Kirundi, akaombwa asilete ushirikina ndani ya halmashauri. Ilikubaliwa kwamba Mbonimpa aukate mgomba, naye apewe suruali moja iliyo nzima, pamoja na mkungu wenyewe. Kikao kilifungwa kwa sala ya shukrani.

Mwalimu alimpelekea Mbonimpa ujumbe, na jibu likarudi kwamba atakuja asubuhi. Mchana huo, kwa mara ya kwanza baada ya majuma matano, Mwalimu alikula sahani mbili za ndizi na maharage, akasifu chumvi, akauliza kama kuna nyingine. Bibi Kokubanza alimshukuru Mungu kwa rozari ya kwanza. Eugenia alimtazama mumewe akitafuna. Alikuwa ameomba kwa siku nyingi kwamba mtu huyu ale. Sasa alikuwa anakula, naye aliona aibu kumwangalia.

Mbonimpa alifika saa mbili asubuhi. Wajumbe watano wa halmashauri walikuwa wametangulia, wakajipanga kati ya miti ya kahawa, hatua thelathini kutoka kwenye uzio, mahali ambapo mtu aliweza kuombea vizuri bila kuonekana na mgomba. Mbonimpa alikuwa amenawa miguu mpaka magotini. Mkononi alishika muhoro, kile kisu kirefu chenye ncha iliyopinda cha kusafishia migomba, na mwilini alivaa shati lake jeupe la Jumapili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mbonimpa. Mbona umevaa shati hilo? Utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo."

"Najua, Mwalimu."

Kisha alitoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa nailoni, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kilikuwa cheti chake cha ubatizo. Alisema angependa kihifadhiwe na Mwalimu. Binti yake, Uwimbabazi, alikuwa kwenye orodha ya kipaimara ya mwaka huo. Ikitokea baba yake hayupo, aliomba jina lake lisifutwe.

Mwalimu aliitafuta sauti yake ya darasani na kuipata. Alimweleza kwamba hakuna sababu ya kutokuwepo, kwani mambo haya ni ya wenyeji na hayamhusu mtu wa kutoka mbali.

"Hata kwetu mgomba wa hivi tunaujua," alisema Mbonimpa. "Bibi yangu hakutuacha hata tuutazame."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

Mbonimpa aliugeuza muhoro, akaangalia makali yake, ambayo alikuwa ameyanoa vizuri.

"Uwimbabazi alikuja nyumbani akiimba yale uliyowafundisha, kwamba Mkristo haogopi. Mimi nilikuwa naogopa, Mwalimu. Nikaona haya kusema."

Eugenia alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko akimenya ndizi. Hakuinua macho.

"Baba Placida," alimwambia mumewe, "mimi ulininyang'anya kisu. Yeye umempa."

Mambo ambayo mtu hayaelewi kwa miaka ishirini na mmoja, wakati mwingine huyaelewa akiwa amesimama kati ya kuku. Mwalimu Apolinary aliona kwamba kama mgomba ule ulikuwa mmea tu, basi angalipaswa kuukata siku ya kwanza kwa mkono wake. Na kama haukuwa mmea tu, basi alikuwa ameamka asubuhi, amenawa uso, amesali, na ametoka nje kumtuma baba wa watoto wanne akafe kwa malipo ya suruali. Alitafuta njia ya tatu kwa bidii, kama alivyozoea kuitafuta njia ya kuzunguka kilima. Safari hii haikuwepo. Hofu ambayo yeye aliita busara haikuwa imemfundisha kutembea njia ndefu peke yake. Ilikuwa imemfundisha kuchagua nani aende badala yake.

Akamkumbuka Bwana bustanini. Kila Ijumaa Kuu alikuwa akiisoma habari ile mbele ya kigango kizima, bila kuruka mstari, na hata mara moja hakuiandika ubaoni. Mwana wa Mungu alipiga magoti, akatoka jasho, akasema waziwazi kwamba angependa kikombe kile kimpite. Hakuona haya. Lakini askari walipokuja na mienge yao, hakumsukuma Petro mbele. Alijitokeza mwenyewe, akataka wenzake waachwe waende zao. Mwalimu alikuwa amewafundisha watoto mia nne kumwonea haya mtu wa aina hiyo.

"Nipe muhoro," alimwambia Mbonimpa.

"Mwalimu, nimekuja tayari."

"Nipe. Naogopa, lakini nipe."

Aliyasema hayo kwa sauti ndogo sana. Hata hivyo ilifika mpaka kwenye miti ya kahawa, na Anastazi akakohoa, akakumbusha kutoka huko kwamba halmashauri ilikwisha kuamua. Mwalimu alimjibu kwamba halmashauri inakaribishwa kusogea karibu na mgomba ikaamue upya. Haikusogea.

Ingependeza kuandika kwamba alikwenda kwa hatua za simba. Alikwenda kwa hatua za mtu anayepelekwa kuchomwa sindano. Uzio wake mwenyewe ulimzuia. Alikuwa ameufunga vizuri mno, na miiba ilimshika shati, ikabidi Mbonimpa amnasue. Pigo la kwanza lilikosa shina na kukata jani lisilo na hatia. Pigo la pili liliingia nusu, muhoro ukakwama, na Mwalimu akasimama hapo akiuvuta huku akisali kwa sauti, akichanganya Salamu Maria na Baba Yetu katika sala moja ambayo Kanisa bado halijaiidhinisha. Mbonimpa aliweka mkono wake juu ya mpini, pembeni ya mkono wa Mwalimu. Mwalimu alitaka kuukataa, Mbonimpa hakuuondoa. Wakavuta pamoja. Pigo la tatu lilikuwa la Mwalimu peke yake, na mgomba ukaanguka juu ya kiatu chake.

Mkungu wenyewe ulikuwa na vichane vitatu, na ndizi zake zilipinda kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi. Kitu kidogo kama hicho kilikuwa kimeitisha halmashauri mara mbili.

Eugenia aliupika siku ile ile, kwa maharage na vitunguu. Wajumbe wa halmashauri walialikwa, lakini kila mmoja alikumbuka shughuli aliyoiahirisha. Mbonimpa alimleta mkewe na watoto wote wanne. Bibi Kokubanza alitangaza kwamba ameshiba tangu jana, akakaa pembeni akiangalia wenzake wakila, na alipoona hakuna aliyeanguka alieleza kwamba kwa umri wake mtu akiitwa si jambo la kushangaza, akala ndizi tano.

Baada ya chakula Mwalimu alileta suruali. Mbonimpa aliisukuma nyuma. Alisema hakukata mgomba, kwa hiyo si haki yake. Mwalimu alimwambia kwamba suruali ile haikuwa malipo ya kukata. Ilikuwa malipo ya kuogopa, na kuogopa alikuwa ameogopa tangu usiku.

Hofu ya Mwalimu haikuondoka siku hiyo, wala sitadai kwamba iliwahi kuondoka yote. Kwa majuma kadhaa kila kikohozi alikipokea kama barua. Lakini alikuwa anakula, na alipokuwa anaogopa alisema kwamba anaogopa, jambo lililowafanya watu wasijue wamtazame vipi, kwa maana hakuna aliyewahi kumsikia mtu wa kanisa akilisema bila kuongeza maelezo. Wengine walionekana kama waliokosewa kidogo. Walikuwa wamejiandaa.

Jumapili ya pili ya Septemba, baada ya ibada, Anastazi alisimama kutoa matangazo. Aliwaarifu waumini kwamba halmashauri, chini ya uongozi wake na baada ya sala za siku tisa, imefanikiwa kuushinda ushirikina katika kigango cha Kanoni, na kwamba taarifa ya ushindi huo itapelekwa parokiani. Watu wakapiga makofi.

Mwalimu Apolinary alitoka mahali pake, akaenda mbele, akangoja makofi yaishe. Alisema taarifa ikipelekwa parokiani iandikwe kamili. Iandikwe kwamba katekista aliogopa kufa, na halmashauri iliogopa pamoja naye, na kwa pamoja wakatafuta mtu ambaye kufa kwake kusingewasumbua. Iandikwe kwamba walimpata, na kwamba siku walipompata, katekista alikula sahani mbili. Alisema amewafundisha watoto wao kuficha hofu, na sasa amejionea mahali ambapo hofu iliyofichwa hutafuta pa kutokea. Kisha aligeuka upande wa benchi za nyuma, walikokaa vibarua.

"Mbonimpa," alisema, "nilikuwa tayari ufe wewe. Naomba unisamehe."

Anastazi aliangalia karatasi yake ya matangazo kana kwamba kulikuwa na jingine. Mbonimpa, ambaye kwa miaka kumi na mitatu hakuwahi kutajwa jina ndani ya jengo lile isipokuwa kwenye zamu za kufyeka uwanja, alisimama polepole, akiwa amevaa suruali ambayo ilimpwaya kiunoni. Watu wakageuka kumsikiliza.

Alisema amesamehe, alikuwa amesamehe tangu walipovuta muhoro pamoja. Kisha akachungulia nje kwa kupitia mlango, akaongeza kwamba kama Mwalimu amemaliza, angeshukuru watu wakiruhusiwa kutoka, kwa sababu kahawa ameianika na upande wa Rubwera wingu limekwisha kuwa jeusi.